Dirisha la mtumba, sinia la shaba na mbuzi ya nazi: weka brashi chini kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Tanga na pesa ya mapambo ya dukani sina, basi nikawa napita mtumbani na kwa wauza vyombo vikuukuu. Nimepata dirisha la mbao la zamani lenye vioo vinne, viwili vimevunjika. Nimepata pia sinia la shaba lililopiga weusi, chemli mbili, kasha la mbao la kubebea mizigo, na mbuzi ya kukunia nazi yenye jino lililokatika. Nataka sebule iwe na ile sura ya kale, ya kishamba, kama ninavyoona kwenye picha. Dirisha nimelipaka rangi nyeupe ya maji. Hazikupita wiki mbili likatoa madoa ya kahawia na rangi ikaanza kubanduka pembeni. Sinia nimelisugua kwa stilwaya, sasa limejaa michirizi. Nimekosea wapi, na vilivyobaki nivifanyeje? Nina mtoto anayetambaa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Niache nicheke kidogo kwanza. Nilipokuwa kijana, ukimwambia mtu wa mjini kwamba sebule yake ni ya kishamba, hamsemeshani mpaka Idi. Leo watu wanatoa fedha kuitafuta sura hiyo. Sina ugomvi nayo, hata mimi napenda ubao unaoonyesha umri wake. Lakini kosa lako liko hapohapo: umenunua vitu ambavyo tayari ni vya kale, ukavifanya vipya, ili vionekane vya kale. Rangi nyeupe inafunika, stilwaya inakwangua, na umri wa kitu unaondoka nazo. Karibu kila ulichokitaja hapa kinataka kuoshwa, kukazwa na kupakwa nta, basi.

Tuanze na dirisha, maana ndilo lenye kazi.

Yale madoa ya kahawia hayakutoka nje. Ni mti wenyewe unaotoa rangi yake. Madirisha ya zamani ya huku pwani mengi yalitengenezwa kwa mbao ngumu kama mvule, mninga au msaji, na ndani ya mbao hizo mna rangi ya asili inayoyeyuka. Ukiipaka mninga rangi ya maji, yale maji yanazama kwenye mbao, yanaiamsha rangi ya mti, na yanapokauka yanapanda nayo juu. Paka mkono wa pili, wa tatu, hata wa tano, doa litakufuata tu. Msaji ndio mkaidi zaidi kwa sababu una mafuta yake mwenyewe; mafundi wanaopata mbao za Longuza, pale Muheza, wanajua kwamba hata gundi haishiki vizuri mpaka uso wa ubao ufutwe kwanza kwa tina.

Kubanduka kuna sababu nyingine. Chini ya rangi yako naamini kuna rangi ya mafuta ya zamani, laini na yenye kung'aa. Rangi ya maji ikiwekwa juu ya ile bila kupiga msasa wala kuosha mafuta ya mikono ya watu, inakaa kama ngozi juu ya maziwa. Kuhakikisha, chukua kitambaa chenye spiriti usugue mahali palipobaki rangi ya zamani. Ikilainika na kuhamia kwenye kitambaa, ni rangi ya maji. Isipotikisika, ni ya mafuta.

Sasa sikiliza vizuri, kwa ajili ya huyo anayetambaa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Risasi haina harufu, na vumbi lake likiingia kwa mtoto mdogo linadhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo usilipige dirisha hilo msasa mkavu, na usilichome kwa moto ili rangi ivimbe, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wetu wenye haraka. Litoe nje, mbali na mlango, tandika nailoni chini, lowesha rangi kwa maji ya sabuni, kisha ikwangue ikiwa mbichi na upige msasa wa maji namba 120 huku ukiendelea kulowesha. Vaa barakoa. Mtoto abaki kwa jirani siku hiyo. Ukimaliza, kunja nailoni na uchafu wake ndani, futa kwa kitambaa kibichi wala usifagie, na nguo ulizovaa uzifue peke yake. Kama kazi hiyo ni kubwa kwako, mlipe fundi, ila umsimamie afanye hivyohivyo.

Najua kwenye picha unaona milango na madirisha yenye rangi iliyobanduka-banduka, wameiacha makusudi. Inapendeza, sikatai. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa mimi siikubali, kwa sababu kile kinachobanduka kinaangukia sakafuni, na sakafu ndiyo sahani yake.

Baada ya kukwangua, lipapase dirisha kwa msasa wa maji namba 180, halafu 240, kufuata nyuzi za mbao, kisha liache likauke kivulini siku mbili tatu. Hapo ndipo utakapojua umenunua nini. Ukikuta wekundu wa mninga au udhahabu wa mvule chini ya rangi zote hizo, nakuomba usilipake tena. Kama bado moyo wako uko kwenye nyeupe, paka kwanza praima ya mafuta, au shelaki, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, ambayo inaizuia rangi ya mti isipande, ndipo ufuate na rangi yako.

Kabla ya msumeno wowote, angalia kama kuna nakshi. Dirisha lako umesema ni la vioo, kwa hiyo halihusiki, lakini nakuambia kwa sababu ukishaanza kupita mtumbani hutaacha, na siku moja mtu atakuuzia fremu ya mlango wa kuchonga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za kuchonga za huku Bara zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango wa namna hiyo haufanywi meza ya kahawa. Waulize wahusika wa mambo ya kale kwanza.

Vioo viwili vilivyovunjika ni bahati yako. Toa vyote vinne, upeleke vipimo kwa mkata vioo, akukatie vioo vya kujitazamia vya unene wa milimita 3. Utapata kioo cha sebuleni ambacho jirani hana. Ila kumbuka uzito: kioo cha unene huo kina kama kilo saba na nusu kwa kila mita mraba, na mbao ngumu nayo si nyepesi. Msumari mmoja hautoshi. Kama nyumba yako ni ya tofali za saruji, toboa kwa drili, ingiza vile vijibomba vya plastiki, kisha skrubu mbili, moja kila upande. Kama ni nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, ukuta huo unamumunyika. Wewe lisimamishe dirisha sakafuni, liegemee ukuta, na ulifunge kwa juu kwa ndoano ili mtoto asilivute likamwangukia. Tena liwe nyuma ya kochi, asifike.

Kasha.

Geuza utafute muhuri uliochomwa kwenye ubao. Mbao za kufungashia mizigo inayovuka mipaka hupigwa alama yenye suke la ngano na herufi za nchi. Pembeni yake kuna herufi mbili zinazokuhusu. HT maana yake mbao zilitiwa joto mpaka ndani kabisa zikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi. Hizo mimi siziingizi ndani. Na kasha lenye doa la mafuta au harufu ya dawa, hata kama lina HT, liache kwenye banda la kuku, kama kuku hao si wako.

Lisipokuwa na muhuri, litazame kama linaliwa na bungua. Utaona vitundu vidogo, duara kabisa. Vitundu peke yake si hoja, huenda wadudu walishaondoka miaka mingi. Unachotafuta ni unga. Liweke kasha juu ya kitambaa cheusi kwa wiki moja bila kuligusa. Ukikuta vilima vya unga laini chini yake, wamo, wanakula. Nilileta nyumbani kigoda kizuri sana siku moja, cha bei ya kutupa, nikaona vitundu nikasema vya zamani hivi. Mwaka uliofuata mke wangu anafagia chini ya kabati la nguo anakuta unga. Kabati lile lilikuwa la harusi yetu. Mpaka leo nikirudi na kitu kikuukuu mkononi ananiuliza kama kimelala kwenye kitambaa. Wakiwemo kwenye kasha lako, lipakie dawa ya wadudu wa mbao ya dukani kila upande, likiwa nje, na vitundu uviingizie kwa bomba la sindano. Au lirudishe. Mtoto mdogo akiwepo, mimi ningelirudisha.

Likiwa zima, kasha hilo huenda ni la paini, jeupe na changa, na ndicho kitu pekee katika orodha yako kinachohitaji kusaidiwa kuzeeka. Hapa nitakupa ujanja wa bei ya chai. Umewahi kuona ubao wa jahazi lililovunjwa, jinsi kila tundu la msumari lilivyozungukwa na weusi? Ule ni ukali wa mti, uleule unaokaza ulimi ukinywa chai nzito, uliokutana na chuma. Tunaweza kuutengeneza.

Nunua stilwaya ya kusugulia sufuria, lakini ile inayoshika kutu. Ijaribu kwa kuilowesha usiku mmoja; zile zinazong'aa daima hazifai. Ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, ichanechane, itie kwenye chupa ya kioo, mimina siki nyeupe mpaka izame. Usikaze kifuniko, kwa sababu inatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Iweke juu, mbali na moto na mtoto. Siku mbili tatu, chuja kwa kitambaa. Siku ya kazi, chemsha chai ya rangi, majani mengi maji kidogo, iwe chungu isiyonyweka. Paka kasha lote kwa brashi, liache likauke. Kisha paka ile siki. Mara ya kwanza utadhani nimekudanganya, ubao utakuwa umelowa tu. Subiri. Dakika chache tu, utaanza kuona ukijivu unapanda, halafu weusi wa ubao uliokaa baharini miaka ishirini. Chai ikiwa nyepesi unapata kijivu, ikiwa nzito unapata weusi. Jaribu kwanza chini ya kasha, maana hakuna kurudi nyuma. Na usijaribu kwenye lile dirisha bila kufikiri: mninga hauhitaji chai, una ukali wake wa kutosha, utageuka mweusi papo hapo.

Kinachofuata ni nta, kwa kasha na kwa dirisha pia. Nta ya nyuki si kitu cha kuagiza Ulaya. Tabora wanaitoa, na warina asali wakikamua inabaki. Weka sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta ya kitani (linseed) kwenye kopo, kopo ulisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayana haja ya kutokota, na kamwe usiweke kopo moja kwa moja juu ya mkaa. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya kujipaka. Isugue kwa kitambaa, acha usiku mmoja, kisha ing'arishe kwa kitambaa kikavu. Vile vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku wewe umelala. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae.

Watu watakuambia upake mafuta ya nazi, maana yako jikoni. Mafuta ya nazi hayakauki. Yatakusanya vumbi na baada ya miezi yatachacha, kila mgeni atauliza kinachonuka. Wajenzi wa vyombo vya bahari wana sifa, mafuta ya papa, na ndiyo kinga nzuri ya mbao. Lakini sifa sebuleni, mwanangu, utaishi peke yako.

Sinia. Kabla ya lolote, litie sumaku. Ikinasa, ndani ni chuma kilichovikwa shaba kwa juu tu, na hiyo shaba ni nyembamba. Liache, lioshe kwa sabuni basi. Isiponasa, huenda ni shaba tupu na michirizi yako inatibika. Pata msasa wa maji namba 400, sugua kwa maji kufuata mzunguko wa sinia, si huku na huko. Endelea na 600, kisha 1000, kila mmoja ukifuta alama za uliotangulia. Itakuchukua alasiri nzima. Hiyo ndiyo bei ya stilwaya.

Kwenye nakshi usiende na msasa kabisa. Bibi zetu walisafisha kwa ukwaju, na ukwaju bado unafanya kazi: uloweke katika maji ya uvuguvugu, paka rojo lake, hesabu dakika kumi, suuza. Ndimu na chumvi ni vilevile. Usilale nalo limepakwa, kwani shaba ya masinia ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na uchachu ukikaa sana unaila zinki, uso unabaki na wekundu-wekundu usiopendeza. Halafu fanya hivi: ng'arisha migongo ya nakshi, weusi ulio ndani ya mikato uuache. Ule weusi ndio unaoyafanya maua na herufi zisomeke. Sinia lililong'arishwa kila mahali linafanana na jipya la dukani, na hukutaka jipya. Upepo wa bahari utalififisha tena, kwa hiyo lisugue nta kidogo. Ukilitundika, lisitoboke, fundi wa bati atakufanyia kulabu tatu za waya za kulishika ukingoni.

Chemli mbili: usiwashe mafuta ya taa ndani kwa ajili ya mapambo, mtoto yupo. Na usikubali fundi akuingizie waya wa umeme wa ukutani ndani ya bati lenye kutu. Umeme wetu ni wa volti 230, na bati likikwangua waya, chemli yote inakuwa na umeme, mtoto aishike. Tumia taa ndogo za LED za volti 5, zile zinazochomekwa kwenye chaja ya simu, au za betri. Mwaga mafuta yote, osha tangi kwa sabuni mara kadhaa, lianike wazi siku kadhaa mpaka harufu iishe, ndipo upitishe waya pale utambi ulipokuwa. Kwenye tundu vika kipande cha mpira waya usikatwe na bati. Kutu ya nje isugue kwa siki na brashi ya nailoni, suuza, ikaushe juani saa hiyohiyo, kisha nta. Usiipake rangi nyeusi ya kupuliza, tafadhali. Kama kioo kimevunjika, pita na chemli yenyewe mkononi kwa wauza vyombo, ulinganishe pale pale, maana vipimo vinatofautiana.

Nimeiacha mbuzi mwisho kwa sababu najua picha zinakuambia nini: igeuze rafu, au uitundike ukutani na chungu cha maua juu yake. Unaweza. Kile kigoda chake cha kukunja kinabeba chungu vizuri, na kimechongwa kwa akili kuliko vigoda vingi vya dukani. Ukiamua hivyo, kichomoe kabisa kisiki cha jino kilichobaki, kwa koleo, maana kingali kikali na kiko kimo cha uso wa mtoto. Mbao usiipake kitu. Miaka yote hiyo imekunywa tui, imeng'aa yenyewe pale watu walipokalia. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ianike kivulini.

Lakini uko Tanga, na nazi unanunua. Mimi ningempelekea mhunzi, yule anayefua majembe na visu, nikamwambia anifulie jino jipya kwa chuma cha springi ya gari, akalichonge meno madogo ya kubana, si makubwa, maana makubwa yanachota na kifuu. Mwachie na mbuzi yenyewe apimie tundu, kwa sababu jino likicheza hata kidogo litakukata kidole siku ya kwanza.